Detekta ipi kwa kiwanja cha nyumba ya zamani: Simplex+, AT Pro, Equinox 800 au Deus II?

Karibu kila anayetaka kununua detekta ya metali ya kutafutia mabaki ya kale huanza na swali moja: inaingia chini kiasi gani? Wauzaji wanalijua swali hilo, ndiyo maana matangazo yao yamejaa habari za umbali wa kwenda chini, yaani kina. Lakini huku mashambani Marekani, mahali palipokuwa na nyumba ya mkulima miaka 150 iliyopita, vitu tunavyovifuata kwa kawaida haviko mbali. Vifungo vya shaba, senti za karne ya 19, kastabini za kushonea, vichwa vya taa za mafuta, bizimu za hatamu za farasi: vingi viko chini kidogo tu ya mizizi ya majani. Havionekani kwa sababu vimelala katikati ya misumari.

Kwa hiyo mashine nne ninazozilinganisha hapa sizipimi kwa kina kwanza. Nazipima kwa jinsi zinavyoweza kusikia kifungo kilicholala ubavuni mwa chuma chenye kutu. Mashine hizo ni Simplex+ ya Nokta kutoka Uturuki, AT Pro ya Garrett ya Texas, Equinox 800 ya Minelab, kampuni ya Australia, na Deus II ya XP ya Ufaransa. Mbili kati yake zimeshapata wadogo zao: Nokta ilitoa Simplex mpya mwaka 2023, na karibu na wakati huo Minelab ikaleta Equinox 900. Zile za kwanza bado zimejaa sokoni, hasa zilizokwisha kutumika, na wengi wetu tunaoishi huku tunaanzia hapo.

Misumari kwanza

Nyumba ya mbao ya shambani hushikiliwa na maelfu ya misumari. Ikiungua au ikioza, mbao hupotea na misumari hubaki palepale ilipodondoka. Enzi za mwanzo za makoloni, msumari ulipokuwa ukifuliwa na mhunzi mmoja mmoja, ulikuwa mali. Watu wa Virginia walipohama walizichoma nyumba zao ili waokote misumari kwenye majivu, mpaka koloni likapitisha sheria mwaka 1645 kuwazuia. Viwanda vilipoishusha bei, hakuna aliyehangaika kuiokota tena. Ongeza seng'enge, viatu vya farasi, vipande vya jiko la chuma, minyororo na mabati, utaelewa kwa nini kiwanja cha namna hii kinapiga kelele mfululizo tangu hatua ya kwanza.

Msumari huohuo ndio unaokuambia uko enzi gani. Uweke kiganjani, ufute udongo. Ukiwa na pande nne zisizolingana na kichwa chenye alama za nyundo, ulifuliwa kwa mkono, na hapo huenda unagusa karne ya 18. Ukiwa na pande mbili zilizo sambamba, pande mbili zinazopungua kuelekea chini, na ncha butu, huo umekatwa na mashine, na ndiyo misumari iliyotawala karibu karne yote ya 19. Wa mviringo wenye ncha kali ni wa waya, ulioshika soko miaka ya 1890 na kuendelea. Ukitoa kadhaa ya kukatwa na hakuna wa waya hata mmoja, punguza mwendo. Uko kwenye uwanja wa watu walioishi kabla ya gari la kwanza kupita barabara ile.

Tatizo la chuma kilicho jirani ni la zamani kama detekta yenyewe. Rais James Garfield alipopigwa risasi Julai 1881, Alexander Graham Bell, yule wa simu, alileta kifaa cha sumakuumeme kuitafuta risasi mwilini. Kifaa kilikuwa kimefanya kazi kwenye majaribio. Kitandani kwa Rais hakikusaidia, na baadaye ikaonekana kwamba godoro lililalia nyaya za chuma. Daktari naye alikuwa amemruhusu apime upande wa kulia tu. Garfield alifariki Septemba 19. Zaidi ya karne imepita, na bado tunahangaika na jambo lilelile: chuma kisichotakiwa kinakizima kitu kinachotakiwa.

Na kuhusu kina, kuna kanuni ya fizikia ambayo ingefaa ibandikwe kwenye kila duka la detekta. Nguvu ya koili, ile sahani ya waya unayoipitisha juu ya ardhi, hupungua kwa kasi kubwa kadiri inavyokwenda mbali, na mwitikio wa kitu hupungua tena kwa kasi hiyohiyo wakati wa kurudi. Kwa kitu kidogo kilicho mbali kidogo na koili, ukizidisha umbali mara mbili, ishara inayorudi inakuwa dhaifu takriban mara 64. Ndiyo sababu mashine ya dola 1,500 haiingii chini mara tano ya ile ya dola 300. Unacholipia ni ubongo wake, yaani uwezo wa kuchambua vitu viwili vilivyobanana.

Msumari na kifungo: nani anatenganisha vizuri

Hili jaribio unaweza kulifanya mwenyewe dukani au kwa rafiki mwenye mashine. Chukua ubao usio na chuma. Weka msumari mkubwa wenye kutu, kando yake weka kifungo cha shaba au senti ya zamani, halafu msumari mwingine, vyote viwe vimeachana kwa upana wa vidole viwili. Pitisha koili kwa mwendo wa kawaida, kwa urefu wa kiganja juu ya ubao. Sikiliza. Mashine nzito ya akili itakupa mngurumo mmoja wa chuma, basi. Mashine nyepesi ya akili itanguruma, itachomeka mlio mfupi mkali kama wa ndege, kisha itanguruma tena. Mlio ule mfupi ndio kifungo. Geuka digrii 90 upitishe tena, kwa sababu kwenye kiwanja halisi mara nyingi kitu husikika upande mmoja tu.

Simplex+ inafanya kazi kwa masafa mamoja ya mawimbi, kilohezi 12, yaani mitetemo 12,000 kwa sekunde. Kwa bei yake inastahili sifa: inaweza kukuachia sauti ya chuma kwa kiwango unachotaka, isikike kwa chini badala ya kuzimwa kabisa, na hilo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ukizima chuma kabisa, hutajua kama umesimama kwenye misumari mia au kwenye udongo mtupu. Kasoro yake ni kwamba kasi yake ya kurejea, yaani muda inaouhitaji kumaliza kitu kimoja ili isikie kingine, haiwezi kurekebishwa kama kwenye Equinox. Kwenye misumari iliyotawanyika inatosha. Palipobanana, inameza vitu.

AT Pro nayo ni ya masafa mamoja, kilohezi 15, na imekuwepo sokoni tangu 2010. Mashine nyingi za rika lake zimesahaulika. Hii bado inatajwa kila mahali panapozungumziwa nyumba za zamani, na ina haki. Katika hali yake ya Pro sauti hubadilika kulingana na nguvu ya ishara, hivyo kitu kidogo karibu hakisikiki sawa na kikubwa kilicho chini. Ina kitufe cha kukusikilizisha chuma kilichochujwa. Kitufe hicho kimeniokoa jasho jingi kwenye vizibo vya chuma na vipande vya bati, ambavyo hupenda kujifanya fedha: unabonyeza, unasikia mkoromo pembeni ya mlio mzuri, unapita. Inahitaji uisogeze taratibu, na ukiisogeza taratibu inakulipa.

Equinox 800, iliyotoka mwaka 2018, inatuma masafa mengi kwa pamoja, na kasi yake ya kurejea unaichagua mwenyewe kutoka 1 hadi 8. Kwenye kiwanja chenye misumari unaipandisha 6 au 7, unapoteza kina kidogo, unapata kuona katikati ya vitu. Tofauti kati yake na Simplex kwenye ubao ule wa misumari haihitaji sikio la mtaalamu. Lakini uzuri huu una bei yake: masafa mengi hufanya msumari uliopinda utoe mlio wa juu wa kudanganya. Kuna marekebisho maalumu ya kuielekeza iegemee chuma inapopata shaka, na lazima ujifunze kuyatumia kwa kiasi. Ukiyapandisha sana unaua hata mlio halali wa kifungo kilichogusana na msumari.

Deus II ndiyo bingwa hapa, sisiti kusema. Inasikia haraka kuliko zote nilizozishika, na sauti yake ina rangi nyingi: baada ya muda unaanza kutofautisha shaba bapa na risasi ya mviringo kabla hujaangalia namba. Tatizo ni "baada ya muda". Menyu yake ni ndefu, na mtu anayetoka siku chache kwa mwaka hataifikia hata nusu. Nimeona watu wakiiuza kabla ya kuielewa, na kwa mnunuzi wa mashine iliyotumika hiyo ni neema.

Koili ndogo ni nusu ya mashine

Hili naliwekea mkazo kuliko jambo lolote. Mashine tatu kati ya hizi huuzwa kwa kawaida na koili kubwa ya takriban inchi 11, yaani sentimita 28. Ni nzuri kwa shamba lililolimwa. Kwenye msingi wa nyumba, koili ya ukubwa huo inaangalia misumari mitano au sita kwa wakati mmoja, na hakuna kompyuta itakayotoa jibu safi kwenye mchanganyiko huo. Punguza ukubwa wa koili, unapunguza idadi ya misumari inayoonekana kwa pamoja, na ghafla kiwanja kinafunguka.

AT Pro ina koili ya hiari ya inchi 5 kwa 8. Equinox ina ya inchi 6 ya duara. Deus II inapatikana na ya inchi 9, na ukinunua kwa ajili ya nyumba za zamani ndiyo uchague tangu mwanzo badala ya ile ya 11. Nokta nayo hutengeneza koili ndogo za Simplex. Kwa maoni yangu, AT Pro yenye koili ndogo, mikononi mwa mtu mwenye subira, inaikaribia sana Equinox yenye koili yake ya kawaida kwenye shimo la msingi lililojaa misumari, na kuna kona ambazo inaishinda. Ukiwa na fedha za kutosha kununua Equinox tu, au AT Pro pamoja na koili ndogo na kidetekta cha mkononi cha kuchungulia shimoni, chukua fungu la pili.

Kidetekta hicho cha mkononi si anasa, kwa njia. Kifungo kilichofunikwa udongo kina rangi ya udongo. Bila kichokonozi chenye kulia unaweza kugeuzageuza bonge la udongo dakika nzima na kitu kiko humo humo.

Namba kwenye kioo

Simplex na AT Pro huonyesha namba 0 hadi 99. Equinox huenda kutoka -9 hadi 40, chini ya sifuri ikiwa ni chuma. Namba inapima jinsi kitu kinavyopitisha umeme pamoja na ukubwa wake, haipimi thamani. Fedha na shaba nene zinapanda juu. Sarafu ya Marekani ya senti 5, ambayo ni shaba iliyochanganywa na nikeli, inakaa katikati, karibu 13 kwenye Equinox na karibu 50 kwenye AT Pro. Na katikati hapohapo ndipo zinapokaa pete za dhahabu, risasi nyingi, vifungo vidogo, vipande vya kinanda cha mdomo, na bahati mbaya pia vipete vya makopo ya soda na bia vilivyoanza kutupwa miaka ya 1960.

Kwenye bustani ya mjini watu huchuja katikati yote wakafuata fedha tu. Kwenye nyumba ya zamani usifanye hivyo kamwe. Mabaki mengi yenye hadithi yako katikati. Kinyume chake, mlio mzuri wa juu kabisa mara nyingi ni kifuniko cha zinki cha chupa ya kuhifadhia matunda. John Landis Mason alipata hataza ya chupa hizo mwaka 1858, na kina mama wa mashambani walizitumia kwa vizazi. Kila jiko la shambani lilitupa vifuniko vyake uani, navyo vinalia kama dola ya fedha.

Kwa usomaji wa namba Equinox ni tulivu kuliko AT Pro kwa vitu vya chini zaidi. Simplex namba zake hurukaruka mapema. Deus II ina namba nzuri, lakini wanaoifahamu husikiliza zaidi ya kutazama.

Kiwanja chako ni cha aina gani?

Sehemu hii ndiyo inayoamua zaidi, maana "nyumba ya zamani" ni mambo matatu tofauti.

Aina ya kwanza ni nyumba ambayo bado imesimama, familia inaishi, na unaruhusiwa kwenye uwanja wa majani. Hapa kuna takataka za miaka yote: karatasi za alumini, vizibo, vipande vya gari. Kuna pia umeme. Nyaya zinazoingia ndani na uzio wa umeme wa ng'ombe hufanya detekta ichachamae. Equinox huathirika; unairuhusu itafute chaneli tulivu, ukishindwa unashusha usikivu au unaihamishia kwenye masafa mamoja. AT Pro kwenye mazingira hayo huwa mtulivu wa kuridhisha. Na mwenye nyumba anatazama dirishani, kwa hiyo ukataji wa majani ni jambo la heshima: kata nusu duara, acha upande mmoja ukiwa umeshikamana kama bawaba, weka udongo juu ya kitambaa, rudisha kila punje, kanyaga. Kwa kiwanja hiki nampendekezea anayeanza Simplex+ au AT Pro bila wasiwasi.

Aina ya pili ni ile ninayoipenda: msituni, ambako nyumba imekwisha kabisa. Unabakiwa na shimo la chumba cha chini lililozungushiwa mawe, rundo la mawe ya dohani, labda kisima. Kuzipata kunataka kazi ya mezani kwanza. Ramani za zamani za kaunti mara nyingi zilichora kila nyumba kwa nukta na kuandika jina la mwenye ardhi, na ramani za idara ya jiolojia ya serikali kuu kuanzia mwisho wa karne ya 19 huonyesha nyumba kwa vijiraba vyeusi. Majimbo ya kati na ya magharibi yalijaa wakulima baada ya sheria ya mwaka 1862 iliyompa mtu ekari 160 kwa sharti la kuishi na kulima miaka mitano. Wengi walishindwa na ukame wakaondoka, nyumba zikaanguka. Majira ya kuchipua ndiyo yanakuonyesha mlango ulikuwa wapi: dafodili za manjano katikati ya msitu hazikujiotesha. Kuna mama alizipanda pembeni ya ngazi yake.

Ukishapata msingi, usikimbilie ndani ya shimo; humo ndimo misumari ilimodondokea yote. Anza njia kati ya mlango na kisima. Nenda chini ya mti mkubwa kuliko yote, kwa sababu watu walikaa kivulini na mifuko ilitoboka. Tafuta mahali pa kamba ya kuanikia nguo, maana vifungo huanguka pale. Halafu njia ya chooni. Msingi wenyewe ni wa mwisho, kwa koili ndogo, hatua fupifupi. Kwa kiwanja hiki hakuna ubishi: Deus II ya inchi 9, kisha Equinox yenye koili ya inchi 6, kisha AT Pro yenye koili ndogo. Simplex yenye koili kubwa itakuchosha.

Aina ya tatu ni shamba lililolimwa juu ya nyumba. Plau imesambaza kila kitu, misumari imetawanyika, na alama pekee juu ni vipande vya matofali, sahani na kioo. Hapa koili kubwa inarudi kwenye heshima yake, na uzito wa mashine unaanza kuhesabika. Simplex ina kilo 1.3, AT Pro na Equinox ziko karibu na hapo, Deus II iko chini ya kilo moja kwa sababu koili yake haina waya na betri zimegawanywa. Saa nne za kupunga mkono shambani, gramu mia tatu hizo utazisikia begani. Equinox ndiyo chaguo langu kwa aina hii, kwa bei na uwezo wake kwa pamoja.

Udongo nao una neno. Sehemu kubwa ya Marekani Mashariki mashine zote nne zinatulia. Ila kuna maeneo kama Culpeper huko Virginia, udongo mwekundu wenye madini ya chuma, ambako masafa mamoja hufifia mapema sana. Watafutaji wa kambi za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, 1861 hadi 1865, huenda huko na mashine za mapigo, zinazotuma umeme kwa mapigo mafupi badala ya wimbi mfululizo, za jamii ya GPX ya Minelab. Ndugu zetu wa Chunya na Geita wanazijua mashine hizo kwa sababu ya dhahabu, na wengine wameniuliza kama zinafaa viwanja vya nyumba. Kwenye kambi ya askari, ambako chuma ni kidogo, ndiyo. Kwenye nyumba, hapana. Mashine ya mapigo haijui kukataa msumari kwa uhakika, na utachimba kila kimoja kati ya maelfu yale.

Maji, betri, pesa

Simplex+, AT Pro na Equinox 800 zinaingia majini mpaka mita 3, Deus II mpaka mita 20. Kwa nyumba za zamani maana yake ni kwamba mvua na kijito si tatizo, basi. AT Pro inakula betri nne za kawaida unazozipata kila duka. Nyingine zinachajiwa, na mtu anayelala porini atafikiria hilo. Deus II ina vitu vitatu vya kuchaji, koili, rimoti na hedifoni, na kimoja kikisahaulika kazi imekwama.

Simplex+ iliuzwa chini ya dola 300 ilipokuwa mpya. AT Pro ni karibu maradufu ya hapo ikiwa mpya, na iliyotumika hushuka sana. Equinox 800 ilianza kwa dola 899. Deus II ni ghali kuliko zote nne. Kati yake ipo pia Legend ya Nokta ya mwaka 2022, yenye masafa mengi, inayouzwa chini ya bei ile ya Equinox. Anayetaka mashine mpya yenye dhamana na hana dola 900 aiangalie kwa makini.

Ruhusa kabla ya mashine

Ardhi ya mtu binafsi Marekani, ruhusa ni ya mwenye ardhi, na iombe ana kwa ana, ikiwezekana iandikwe. Kubalianeni mapema vitu vitakuwa vya nani. Ardhi ya serikali kuu ni habari nyingine. Sheria ya mwaka 1979 ya kulinda mali za akiolojia inakataza kuchukua vitu vya kale vya zaidi ya miaka 100 kutoka ardhi hiyo na ardhi ya makabila ya Wahindi Wekundu bila kibali. Kosa la kwanza ni faini hadi dola 10,000 na kifungo hadi mwaka mmoja, na adhabu hupanda thamani na uharibifu ukivuka dola 500. Ndani ya hifadhi za taifa hata kubeba detekta ni marufuku. Walio Uingereza wana Sheria ya Hazina ya 1996: ukipata kinachohesabiwa kuwa hazina, una siku 14 za kumtaarifu mchunguzi wa vifo wa eneo. Ireland ya Kaskazini usithubutu kuchimba vya kale bila leseni.

Nyumbani, msibebe mazoea ya huku. Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inaweka mpaka wake kabla ya 1895. Kote kuwili kuchimba kunataka leseni. Nalisema kwa uzito kwa sababu hadithi za hazina za Wajerumani hazijaisha, na ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916, imezitia mafuta. Watu wanabomoa kuta za maboma na kufukua makaburi kwa ajili ya hadithi hizo. Gofu lililofukuliwa halina tena cha kumwambia mtafiti, hata dhahabu isipopatikana.

Ningenunua ipi?

Kwa anayeanza, mwenye uwanja wa jirani mzee aliyemruhusu: Simplex+ na kidetekta cha mkononi, abakize pesa ya mafuta ya gari. Kwa anayejua tayari kwamba moyo wake uko msituni kwenye misingi ya mawe: AT Pro iliyotumika na koili ya 5 kwa 8, au Equinox 800 na koili ya 6 ikiwa mfuko unaruhusu. Equinox ndiyo ningempa ndugu yangu akiniambia nimchagulie moja tu bila kujua atakwenda wapi. Deus II iwe ya mtu anayetoka kila wiki, mwenye sikio, na mwenye viwanja ambavyo wengine wameshavipita wakasema vimekwisha. Kwa mtu huyo viwanja hivyo havijaisha hata kidogo.

Ukinunua iliyotumika, ijaribu nje, siyo sebuleni kwenye nondo na nyaya. Iwashe, gonga koili taratibu kwa ngumi. Ikipiga kelele kwa kila pigo, koili ina ufa au waya umekufa. Chezesha waya pale unapoingia kwenye kisanduku. Fungua nyumba ya betri uangalie ukungu wa kijani. Kisha toa mfukoni msumari wako na kifungo chako, viweke kwenye nyasi, na usilipe mpaka umevisikia vyote viwili.